Mdogo wangu anatakiwa ajitoe mkojo mwenyewe kwa mpira: ni salama nyumbani?

SWALI: Shikamoo. Mimi ni dada wa kijana wa miaka 26, mkwezi wa minazi huku Tanga. Mwaka jana alianguka mnazini akaumia uti wa mgongo. Mikono yake mizima, lakini kuanzia kitovuni kushuka hasikii wala miguu haina nguvu. Tangu siku hiyo ana mpira wa mkojo wa kudumu na mfuko wake, na homa za mkojo zimekuwa haziishi. Kliniki wametuambia sasa ajifunze kujitoa mkojo mwenyewe, mpira aingize na kuutoa mara kadhaa kwa siku. Nyumba nzima tumeogopa. Mama anasema huko kuingiza kila mara ndiko kutakakomletea maradhi zaidi. Tena tunaambiwa mpira mmoja hutumika mara moja ukatupwa, nasi uwezo huo hatuna. Je, unaweza kuoshwa ukatumika tena? Na mkewe anauliza, kwa aibu: bado anaweza kuzaa?

JIBU: Marahaba dada yangu, na poleni sana. Kazi yangu ni uuguzi wa watu walioumia uti wa mgongo, na hofu ya mama yenu ni hofu ya karibu kila familia ninayokutana nayo. Nianze nayo, maana ikishaondoka hiyo mengine yanakuwa mepesi.

Mama anahesabu hivi: mpira ukiingia mara moja ukakaa, uchafu umeingia mara moja, ukiingia mara tano kwa siku, uchafu umeingia mara tano. Ni hesabu ya mtu mwenye akili, na hata madaktari waliiamini kwa miaka mingi. Ila kibofu hakifuati hesabu hiyo. Vijidudu vichache vikiingia, na baada ya masaa manne au matano mkojo wote ukatolewa, navyo vinatoka pamoja nao kabla havijazaliana kiasi cha kuleta ugonjwa. Mpira wa kudumu hauna nafasi hiyo. Upo mle usiku na mchana, umeshikiliwa na kiputo chenye maji, na ukuta wake unakuwa ngazi. Vijidudu huupanda toka nje hadi ndani, hujijengea utando mzito juu yake, na dawa zikija haziupenyi vizuri utando huo. Mpira uliokaa mwezi mzima, karibu kila mara una vijidudu, hata nyumba iwe safi namna gani. Ndiyo maana homa za mdogo wako hazikomi. Juu ya hapo kuna mawe ya kibofu yanayojijenga kuzunguka kiputo, na njia ya mkojo kuchubuka au kupasuka taratibu kwa kuvutwa na mfuko.

Njia mliyoshauriwa ina historia yake. Huko Stoke Mandeville, Uingereza, ambako Ludwig Guttmann alifungua kituo cha majeruhi wa uti wa mgongo mwaka 1944, waliona mapema kwamba kuutoa mkojo kwa vipindi kunafaa kuliko kuuacha mpira ndani. Lakini wao walifanya kwa usafi wa chumba cha upasuaji: glavu, vifaa vilivyotakaswa, mkono wa mtaalamu. Mambo hayo mgonjwa hawezi kurudi nayo kijijini. Mwaka 1972, Jack Lapides, daktari bingwa wa njia ya mkojo katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, akachapisha habari za wagonjwa waliojitoa mkojo wenyewe, mikono wameiosha kwa sabuni na maji, basi. Wengi walimtilia shaka. Hoja yake ilikuwa kwamba kibofu kikiachwa kijae kupita kiasi, ukuta wake hunyooka, damu inayoulisha hupungua, na hapo ndipo vijidudu hupata mwanya. Kwa hiyo aliona kwamba kutoa mkojo kwa wakati kunamlinda mgonjwa kuliko kuua kila kijidudu kilichopo mkononi. Miaka zaidi ya 50 imepita na hoja hiyo imesimama. Leo hii ndiyo njia inayopendekezwa kwanza kwa mtu ambaye kibofu hakimwagi chenyewe na mikono yake inafanya kazi.

Naomba mlishike hilo la wakati, kwa sababu familia nyingi hukazana na usafi mpaka wakasahau saa. Nimeona kijana anaosha mikono kama daktari wa upasuaji, ana vitambaa vya kila aina, lakini asubuhi akienda dukani kwake hatoi mkojo mpaka jioni. Huyo aliugua kuliko mwenzake aliyekuwa na beseni moja na kipande cha sabuni ya mche, ila saa ikifika anaacha kila kitu.

Na kinachotafutwa si homa kupungua tu. Ni figo. Kibofu kilichokatiwa mawasiliano na ubongo mara nyingi hubana kwa nguvu wakati mlango wake wa chini nao umefunga. Mkojo ukikosa pa kutokea hurudi juu kwenye figo, na figo zinaharibika kimya kimya, bila maumivu, hasa kwa mtu asiyesikia tumboni. Zamani, kabla hatujajua kukitunza kibofu, figo kufa ndiko kulikoua watu wengi waliokuwa wameshapona jeraha la mgongo. Kwa hiyo ndugu yeyote akiwaambia kwamba mbona sasa anakojoa mwenyewe, nguo zinalowa, msifurahi mapema. Kulowa si kumaliza. Anaweza kuvuja huku kibofu kimebaki na nusu lita.

Sasa, jambo hili lisianzie nyumbani. Mpira alionao una kile kiputo, kwa kawaida chenye mililita 10 za maji, na anayeuvuta bila kuyatoa maji hayo hupasua njia ya mkojo. Utolewe kliniki. Kabla ya hapo, ombeni apimwe figo na kibofu kwa ultrasaundi, na damu kwa ajili ya kreatinini, taka ya mwili inayoonyesha figo zinavyochuja, ili tujue tunaanzia wapi. Kama kibofu kina jiwe, lishughulikiwe kwanza. Kama njia ya mkojo ina kovu lililoibana, jambo ambalo hutokea kwa waliokaa na mpira wa kudumu muda mrefu, daktari aseme kama njia hii inawezekana. Wapo ambao haiwafai: mwenye njia iliyoziba, mwenye mikono isiyoshika na hana msaidizi, mwenye kibofu kilichosinyaa sana. Hao huwekewa mpira kupitia tundu dogo chini ya kitovu, na hilo nalo si aibu wala si kushindwa. Mdogo wako, kwa maelezo yako, ana kila sababu ya kufaulu.

Muulizeni daktari pia kuhusu dawa ya kutuliza kibofu. Mtu aliyeumia usawa huo mara nyingi kibofu chake hujibana chenyewe na kuvujisha mkojo katikati ya vipindi. Oksibutinini ndiyo inayotumika sana. Hukausha mdomo na huleta kufunga choo, kwa hiyo itolewe na mtu atakayemfuatilia. Bila dawa hii wengine hukata tamaa wiki ya kwanza, wakidhani njia yenyewe imeshindwa, kumbe kibofu kilihitaji kutulizwa tu.

Mkienda duka la dawa kuweni makini. Ukisema unataka katheta, yaani mpira wa mkojo, wauzaji wengi watakupa Foley, ile ya kudumu yenye kiputo. Mnachohitaji ni Nelaton: mrija mnyoofu wa plastiki laini, hauna kiputo, una matundu mawili ubavuni karibu na ncha. Mtu mzima huanza na namba 12 au 14. Namba hiyo ukiigawa kwa tatu unapata unene wake kwa milimita, kwa hiyo namba 12 ni milimita 4. Kwa kawaida kishikio cha namba 12 ni cheupe na cha namba 14 ni kijani. Wa mwanamume uwe na urefu wa sentimita 40 hivi; ile mifupi ni ya wanawake na haitafika. Namba kubwa si bora zaidi, huchubua tu.

Mnunue na jeli ya kulainisha inayoyeyuka kwenye maji. Hapa nasisitiza kwa sababu mko Tanga na mafuta ya nazi yapo kila jikoni: yasitumike. Wala mafuta ya mgando ya kujipaka. Hayayeyuki kwenye mkojo, hubaki ndani, hushika uchafu, na mipira iliyotengenezwa kwa utomvu wa mti (mpira wa asili, au lateksi) huharibiwa nayo. Mwanamume asiingize mpira mkavu hata siku moja. Njia yake ya mkojo ina urefu wa sentimita 18 hadi 20, ina kona, na asiyesikia maumivu hana wa kumwambia kwamba anajichubua.

Namna ya kufanya atafundishwa kwa macho na mikono na muuguzi, na asiondoke kliniki mpaka amefanya mwenyewe mbele yake bila kushikwa mkono. Naieleza hapa ili muijue mapema.

Achague mahali penye mwanga, akae kitini, kitandani au kwenye kigari chake. Kama choo chenu ni cha shimo na ni finyu, afanyie chumbani, mkojo aupokee kwenye chupa au kopo lenye alama za vipimo. Vitu vyote viwe karibu kabla hajaosha mikono, maana nimeshawaona wengi wameosha vizuri kisha wakanyoosha mkono kuokota simu. Aoshe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, kopo na mtu wa kumiminia vinatosha, kisha aoshe kichwa cha uume kwa sabuni na maji. Asiyetahiriwa avute govi nyuma kwanza. Dettoli na spiriti havihitajiki hapo, vinaunguza ngozi.

Aupake mpira jeli toka nchani, sentimita 15 hadi 20. Kwa mkono mmoja ainue uume kuelekea tumboni, akiunyoosha kidogo, maana ukining'inia unaacha kona ya kwanza imekunjika. Kwa mkono mwingine asukume mpira polepole. Karibu na mwisho utagoma. Hapo pana msuli wa kufungia mkojo, kisha tezi dume. Ndipo watu wanapoharibu. Asisukume kwa nguvu, asichokonoe kwa kuupeleka mbele na nyuma. Atulie, avute pumzi ndefu, akohoe kidogo, aendelee kuushikilia kwa shinikizo dogo lisilokatika. Msuli huchoka ukaachia. Usipoachia, autoe, apumzike dakika kumi, ajaribu tena. Ikishindikana mara ya pili na kibofu kimejaa, ni hospitali siku hiyohiyo.

Mkojo ukianza kutoka, asukume tena sentimita mbili au tatu ili matundu yote yawe ndani, kisha ashushe uume na kuuacha utoke wenyewe. Ukikatika asifanye haraka ya kuuchomoa. Autoe kidogo kidogo, na kila mkojo unapoanza tena asimame. Ile robo glasi ya mwisho ndiyo inayoozea ndani kama maji ya mtungi yasiyomwagwa. Mwisho abane mdomo wa mpira kwa kidole, autoe, na aliyevuta govi alirudishe mbele, kwani likiachwa nyuma huvimba na kukaba.

Kazi nzima, akizoea, haizidi dakika kumi. Matone machache ya damu siku za mwanzo si ya kutisha. Damu inayotiririka, au yenye mabonge, ni ya hospitali.

Saa za kutoa: aanze kwa mara tano. Akiamka, saa nne asubuhi, saa nane mchana, saa kumi na mbili jioni, na kabla ya kulala. Awe na daftari aandike saa na kiasi kilichotoka. Mtu mzima tunataka kila kipindi kisizidi mililita 400, au 500 kwa mbali. Kikipita hapo mara kwa mara, aongeze kipindi kimoja au asogeze saa karibu. Kikitoka 150 tu kila mara, anaweza kupunguza, ila asishuke chini ya mara nne. Baada ya wiki mbili daftari hilo litamwambia muuguzi wenu mambo mengi kuliko maneno ya watu watatu.

Maji asiyakate. Hili ndilo kosa linalofuata: mtu akichoka na mpira anaacha kunywa. Mkojo unakuwa mzito, vijidudu vinashamiri, mawe yanajengeka, na choo kinafunga. Lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, akigawa mchana kutwa, zinatosha. Joto la pwani likizidi, aongeze. Dafu ni maji, lihesabiwe humohumo. Chai na kahawa zinakitekenya kibofu, asizidishe jioni. Baada ya chakula cha usiku anywe kidogo tu.

Kuna jambo moja linalowachanganya wengi. Mtu anayekaa kigarini kutwa, maji hushuka miguuni, ndiyo maana inavimba. Akilala, maji yale yanarudi kwenye damu, figo zinayatoa, na kibofu kinajaa usiku wa manane ingawa hakunywa kitu. Dawa yake ni kulala chali na miguu juu ya mto kwa saa moja hivi alasiri, maji yatoke kabla ya kipindi cha mwisho. Ikibidi, aweke kengele ya simu aamke mara moja usiku.

Sasa kuosha mpira, ambalo najua ndilo lililokukalia rohoni. Pakiti imechorwa namba 2 ndani ya duara, imekatwa kwa mstari. Maana yake mtengenezaji anasema usitumike mara ya pili. Katika nchi tajiri hivyo ndivyo inavyofanyika. Bima ya wazee na wenye ulemavu ya Marekani, kwa mfano, tangu 2008 hulipia hadi mipira 200 kwa mwezi, mpya kila mara. Kama mtapata mfadhili au bima itakayowafikisha huko, chukueni. Lakini kabla ya hapo Wamarekani wenyewe waliosha na kurudia kwa miaka mingi, wagonjwa wa Lapides wakiwa wa kwanza, na sehemu kubwa ya dunia bado inafanya hivyo. Utafiti uliolinganisha mpira mpya na uliooshwa haujatoa jibu la mwisho. Mimi nasema wazi: mpira mpya kila mara ni bora, mpira uliooshwa vizuri na kutumika kwa wakati unafuata, kujitoa mkojo mara mbili tu kwa siku ili mipira mipya isiishe haraka ni hatari kuliko vyote. Msije mkabana matumizi kwa kupunguza vipindi.

Mkiosha, osheni hivi. Mara tu baada ya kutumia, kabla mkojo haujakauka, usuguliwe nje kwa sabuni na maji yanayotiririka. Ndani, chukueni bomba la sindano lisilo na sindano, msukume maji ya sabuni kisha maji safi mpaka povu liishe. Ukung'utwe, uning'inizwe ukauke kabisa mahali pasipo na vumbi wala nzi, ndipo uwekwe kwenye kopo safi lenye mfuniko au ukunjwe kwenye kitambaa safi kilichopigwa pasi. Kukauka ndiko kunakoua vijidudu vingi; mpira wenye unyevu uliofungiwa kwenye mfuko wa plastiki ni shamba lao. Awe na mitatu au minne ya kuzungusha ili kila mmoja upate muda wa kukauka. Plastiki laini msiichemshe, inajikunja. Jiki msitie kwa kukisia: ikiwa kali inaunguza njia ya mkojo, na dawa ikibaki ndani ya mrija hamtaiona. Ile yenye utando unaoteleza ukilowekwa maji haioshwi kabisa, ni ya mara moja. Mpira ukikakamaa, ukipasuka, ukibadilika rangi, au ncha ikiwa na ukwaruzo, tupa. Mimi nafundisha mpira mmoja usipite wiki moja. Na ni wa mtu mmoja. Hauazimwi hata kwa ndugu.

Kuna jambo sasa la homa na dawa, nalo naomba mnisikilize, kwani antibayotiki zinaliwa ovyo sana mitaani kwetu. Mtu anayejitoa mkojo kwa mpira, mkojo wake ukipimwa karibu kila siku utaonekana una vijidudu. Vinaishi humo bila kumdhuru. Atakayempima kwa sababu tu mkojo unanuka au umekuwa mzito atamwambia ana UTI, atampa vidonge, na wiki ijayo tena, hadi siku anayougua kweli dawa hazifanyi kazi. Ugonjwa wa kweli una dalili: homa na baridi, maumivu ya kiuno au tumbo, miguu kuanza kukakamaa na kurukaruka kuliko kawaida, kuvuja ghafla kati ya vipindi wakati hakuwa akivuja, uchovu usioelezeka, mkojo wenye damu. Hapo apimwe, na ikiwezekana mkojo uoteshwe maabara kabla hajameza kidonge cha kwanza, ili ijulikane dawa gani inafaa. Homa yenye kutetemeka haisubiri kesho. Mkojo ukinuka tu na yeye mzima, anywe maji, atoe mara moja zaidi, aangalie kama anamaliza.

Kwa wasomaji wengine ambao wameumia juu zaidi, usawa wa kifua au shingo, kuna hatari ambayo mdogo wako pengine hatakutana nayo: kibofu kikijaa sana, shinikizo la damu hupanda ghafla. Kichwa kinagonga, uso na shingo vinatoka jasho na kuwa vyekundu. Mketisheni wima, legezeni nguo, toeni mkojo mara moja. Kichwa kisipotulia, ni hospitali bila kuchelewa, kwa sababu shinikizo hilo linaweza kupasua mshipa wa ubongo.

Wanawake nao wanajitoa hivihivi, tena njia yao ni fupi, sentimita 4 tu. Ugumu ni kuiona, na kioo kidogo husaidia wiki za mwanzo mpaka kidole kizoee. Kwa watoto waliozaliwa na mgongo wazi, mama hufanya kwanza, kisha mtoto mwenyewe anapofikia umri wa kwenda shule. Hospitali ya CURE huko Mbale, Uganda, imewafundisha akina mama wengi wa vijijini, wasio na bomba ndani ya nyumba, nao wameweza. Watoto hao watumie mipira isiyo ya mpira wa asili, maana miili yao huwa na mzio nao.

Turudi kwa mdogo wako. Wewe ni dada yake, na najua unaweza kuwa ndiwe unayeshika mambo yote ya ugonjwa huu. Hili mwachie. Si kwa sababu huwezi, bali kwa sababu ya stara yake na kwa sababu mikono anayo. Mtu aliyepanda minazi tangu utotoni amezoea kuutegemea mwili wake, na mfuko wa mkojo kiunoni umemwondolea mengi. Msaidizi wa akiba awe mkewe, kama wote wawili wanaridhia. Afundishwe kliniki pamoja naye, kwa siku ambazo mume ana homa au amechoka. Wewe baki na jeli, mipira na daftari.

Kuhusu kuzaa, mwambie mkewe asione haya, ni swali la haki. Kujitoa mkojo kwa mpira hakumfanyi mwanamume kuwa tasa. Kinacholeta shida ni jeraha lenyewe: wengi hupata taabu ya kusimamisha au ya kutoa mbegu, na mambo haya yana matibabu, kuanzia vidonge hadi njia za kuzipata mbegu kwa msaada wa hospitali. Kinachoharibu zaidi ni maambukizi ya mara kwa mara yanayoshuka hadi kwenye korodani, na haya humpata zaidi mwenye mpira wa kudumu. Kwa hiyo mabadiliko haya yanamsogeza karibu na ubaba. Na kwa maisha ya ndani, mpira na mfuko vikishaondoka, wanalala kama mke na mume. Atoe mkojo kabla, na ikitokea tone limetoka, taulo lipo.

Kama ni Waislamu, swali la Ramadhani litakuja. Kwa upande wa mwili, kufunga bila maji kutwa nzima katika joto la Tanga hakumfai mtu mwenye kibofu hiki, hasa mwaka wa kwanza. Mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa baadaye. Akitaka kufunga, amuulize sheikh wake kuhusu kuingiza mpira mchana, kwa sababu wanazuoni wana maneno yao juu ya hilo, na ajue jibu kabla mwezi haujaandama. Asije akaacha kujitoa mkojo toka alfajiri hadi magharibi kwa kuogopa funga yake isiharibike, akaharibu figo.

Siku ya kwenda kliniki, nendeni na karatasi zote za hospitali alizotoka nazo, orodha ya dawa anazokunywa, na pakiti ya mpira mliyopewa ili muuguzi aone ni ya aina gani. Ulizeni mambo matatu kabla ya kuondoka: kipimo cha figo kinachofuata ni lini, kwani kinatakiwa kila mwaka hata kama anajisikia mzima, nani wa kumpigia simu mpira ukigoma usiku, na kama kuna wagonjwa wengine wanaojitoa mkojo ambao mdogo wako anaweza kukaa nao. Kijana mwenzake mwenye kigari, aliyeanza mwaka mmoja kabla yake, atamfundisha kwa mchana mmoja mambo ambayo mimi siwezi kuyaandika hapa.